Saini ya Mkuu Kwenye Andalio la Somo

Katika shule nyingi za awali za Afrika Mashariki, wiki huanza kwa daftari la maandalio kupelekwa ofisini. Mkuu wa shule hulipekua, hutazama kama tarehe ipo na kama safu zote za jedwali zimejazwa, hutia saini na muhuri, kisha daftari hurudi darasani. Tendo lenyewe ni la dakika chache, na kwa kuwa hurudiwa kila wiki hakuna anayelitilia maanani. Lakini anayetaka kujua kwa nini mtaala mzuri huishia kabatini hana budi kuanzia hapo. Saini ile ndiyo inayomfundisha mwalimu andalio la somo ni kitu gani. Ikiwa ni karatasi ya kumridhisha mkubwa, ataandika yanayomridhisha mkubwa. Ikiwa ni matayarisho ya mazungumzo na mtu atakayekuja kuketi darasani, ataandika mengine kabisa. Ndiyo maana sehemu ya fedha na nguvu zinazotumika kuwapeleka walimu wa chekechea kwenye semina ingezaa zaidi kama ingeelekezwa kwa yule anayetia saini: akafundishwa, akafuatwa shuleni kwake, akaelekezwa namna ya kusoma mtaala na kupanga masomo pamoja na walimu wake.

Sekta ya Kinyinya, katika Wilaya ya Gasabo upande wa kaskazini wa Kigali, ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Wasikilizaji wa zamani wa redio waliisikia Kinyinya bila kuijua, kwa maana mlima wake ulibeba mitambo ya Deutsche Welle iliyorusha matangazo barani Afrika tangu miaka ya 1960 hadi ilipofungwa mwaka 2015. Leo mlima huohuo unatajwa zaidi kwa mipango ya mji wa kijani. Chini yake wanaishi watu wasiofanana hata kidogo. Gacuriro ina nyumba za kisasa za watu wenye mishahara ya kudumu. Batsinda, ndani ya Kagugu, ilipokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mabanda yao yalipobomolewa ili kupisha sura mpya ya katikati ya jiji. Shule ya umma ya Kagugu ni maarufu kwa msongamano. Basi katika eneo unaloweza kulizunguka kwa pikipiki kabla ya saa sita, utakuta chekechea binafsi yenye bembea na sare za rangi, darasa la awali lililobanwa ndani ya shule ya msingi ya serikali, na kituo cha nyumbani ambako akina mama hupokezana kuwaangalia watoto wa majirani. Wote hao, kwa nadharia, wanafuata mtaala mmoja.

Mtaala huo haukosi kitu kikubwa. Rwanda ilizindua mtaala wa umahiri mwaka 2015 na kuanza kuutumia mwaka uliofuata, kuanzia elimu ya awali hadi mwisho wa sekondari. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita umegawa mafunzo katika maeneo sita: kuugundua ulimwengu, hesabu, afya na maungo, sanaa na utamaduni, lugha, na makuzi ya kijamii na kihisia. Unataka mtoto ajifunze kwa Kinyarwanda, Kiingereza kikiingia kama lugha ya kuzoeshwa. Unataka mafunzo yaunganishwe kwa mada zinazomgusa mtoto, kama familia, wanyama au usafiri, na unataka michezo iwe njia kuu ya kujifunza. Mtu akiusoma kwa utulivu atakubali kwamba waliouandika waliwafahamu watoto.

Shida huanza pale mtaala unapogeuzwa fomu. Andalio la somo la mfumo huo lina nafasi za jina la shule, muhula, tarehe, mada, namba ya somo, idadi ya watoto, watoto wenye mahitaji maalumu, umahiri mkuu wa mada, lengo la somo, zana, na marejeo. Halafu jedwali la hatua na dakika, shughuli za mwalimu upande mmoja na za mwanafunzi upande wa pili. Kisha umahiri wa jumla na masuala mtambuka yatakayoguswa. Mwisho kabisa kuna nafasi ya mwalimu kujitathmini. Masuala mtambuka ni manane, na miongoni mwake yamo elimu ya fedha na utamaduni wa viwango vya ubora. Hakuna ubaya kwa kijana wa kidato cha tatu kuyafikiria hayo. Lakini mwalimu wa watoto wa miaka minne anayetafuta namna ya kuingiza utamaduni wa viwango katika somo la kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi ana kila sababu ya kuona kwamba fomu ile si yake. Hujaza kwa sababu itakaguliwa. Na kwa kuwa mkaguzi wa kwanza ni mkuu wake, anachokijali mkuu ndicho kinachojazwa kwa uangalifu, na nafasi ya kujitathmini, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni rahisi kuachwa wazi au kuandikwa kwamba somo limeeleweka.

Mkuu huyo naye si wa kulaumiwa kirahisi. Anawajibika kwa bodi ya elimu ya msingi inayotunga mtaala, kwa mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020, na katika mambo ya malezi na viwango vya vituo vya watoto wadogo, kwa wakala wa taifa wa makuzi ya mtoto ulioundwa mwaka huohuo. Juu ya hayo kuna imihigo, mikataba ya utendaji ambayo imekuwa uti wa mgongo wa utawala wa Rwanda tangu 2006. Kila anayekuja na orodha anataka kuona kitu kinachohesabika, na andalio lililosainiwa linahesabika. Mazungumzo ya nusu saa kati ya mkuu na mwalimu kuhusu kwa nini watoto watano hawakuweza kuhesabu maharage hayahesabiki. Mfumo haukukusudia kumfanya mkuu wa chekechea awe karani wa mihuri, lakini mzigo wa karatasi ukizidi na msaada ukipungua, huko ndiko anakoangukia.

Ushahidi kwamba mambo haya yana uzito una umri mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mjini Ypsilanti katika jimbo la Michigan, Marekani, David Weikart na wenzake walilinganisha mitaala mitatu ya chekechea iliyotofautiana sana: mmoja wa mwalimu kuongoza kila kitu kwa mazoezi, mwingine wa kuwaachia watoto wachague wenyewe, na wa tatu, uliokuja kujulikana kama HighScope, wa mtoto kupanga, kutenda na kueleza alichokifanya. Walitarajia mmoja ushinde. Katika matokeo ya kwanza watoto wa mitaala yote mitatu walipanda kwa kiwango kinachokaribiana, na Weikart akaona kwamba kilichofanana kote kilikuwa ni walimu waliopanga kazi kila siku chini ya usimamizi wa karibu. Miaka ya baadaye watafiti haohao walidai kuona tofauti kati ya makundi hayo katika tabia za ujanani, na wengine walilipinga dai hilo. Mjadala huo tuuache kwa wenyewe. Kinachotuhusu ni kile cha awali: mtaala wowote usio na mtu wa kuusimamia kwa akili ni kitabu tu.

Wazo la HighScope lilivuka bahari likafika kwetu, tena kwa njia ambayo ingefaa kujulikana zaidi Kigali. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walitaka watoto wao waingie darasa la kwanza wakiwa tayari bila kupoteza malezi ya dini. Mfuko wa Aga Khan uliwaunga mkono, na mwalimu wa chekechea wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akawa mkufunzi wa kwanza. Mpango wa shule za awali za madrasa ulienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukafikia zaidi ya shule 200 za jamii. Kulikuwa na mafunzo ya walimu, ndiyo, lakini nguvu yake ilikuwa katika kilichofuata. Wakufunzi walizitembelea shule mara kwa mara kwa takriban miaka miwili, wakaketi darasani, wakatengeneza zana kwa vifuu, vitambaa na mbegu pamoja na walimu, na wakaifunza kamati ya shule, iliyokuwa ndiyo uongozi wenyewe, kusimamia fedha na kujua darasa zuri linafananaje. Shule ikifikia viwango, ilihitimu. Utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa nchi hizo tatu: waliosoma chekechea yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa shule za madrasa waliwapita wa chekechea nyingine. Hapo hatuzungumzii Ulaya wala Marekani. Ni Mombasa, Unguja na Kampala, kwa walimu ambao wengi wao hawakuwa na vyeti vikubwa na kwa shule zilizojengwa kwa michango.

Ushahidi wa karibuni umepimwa kwa ukali zaidi. Katika mkoa wa North West nchini Afrika Kusini, kuanzia 2015, shule zinazofundisha kusoma kwa Kitswana ziligawanywa kwa kura. Walimu wa makundi mawili walipewa maandalio ya masomo yaliyokwisha kuandikwa na vitabu vya watoto. Kundi moja liliitwa kwenye mafunzo ya pamoja. Jingine lilitembelewa darasani na mwelekezi kila mwezi. Baada ya miaka miwili, faida ya kusoma kwa watoto wa kundi la pili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kundi la kwanza. Nchini Kenya, mpango wa Tayari ulioendeshwa katika chekechea za kaunti za Laikipia, Siaya, Uasin Gishu na Nairobi kati ya 2014 na 2018 ulitoa somo la upande mwingine: mafunzo na uelekezi bila vitabu na mwongozo wa mwalimu havikuonyesha faida ya maana kwa watoto, lakini vilipoambatana na vitabu na mwongozo, faida ilionekana. Yaani mazungumzo matupu hayatoshi, na karatasi tupu haitoshi. Mwelekezi na mwalimu wanahitaji kuwa na kitu kimoja mezani wanachokitazama wote wawili.

Msomaji makini ataniuliza hapa: tafiti hizo zinahusu walimu kuelekezwa na watu wa nje, mkuu wa shule anaingiaje? Ni swali la haki, na jibu lina pande mbili. Kwanza, mtu wa nje huondoka. Mradi wa miaka mitatu ukifunga ofisi, gari lake haliji tena Kagugu, na kinachobaki shuleni ni kile alichokibeba mkuu na wasaidizi wake. Pili, wapo waliolijaribu jambo lenyewe. Roland Fryer, mchumi wa Marekani, aliwapa wakuu wa shule za Houston mafunzo ya saa 300 kwa miaka miwili juu ya mambo matatu: kupanga masomo, kutumia takwimu za maendeleo ya wanafunzi, na kuwaangalia na kuwaelekeza walimu darasani. Shule zilikuwa 58, nusu zikipata mafunzo. Mwaka wa kwanza watoto wa shule hizo walipanda. Mwaka wa pili faida ya jumla ilififia, lakini ilibaki kubwa kwa shule ambazo mkuu wake hakuhama. Hilo la kuhama ni la kuzingatiwa sana Kigali, ambako chekechea binafsi huajiri na kupoteza waratibu wa masomo kama daladala inavyoshusha na kupakia. Anayegharamia mafunzo ya mkuu bila kufikiria atakaa wapi mwaka ujao anamfunza kwa niaba ya shule nyingine.

Uelekezi huo, basi, hufanywaje? Chukua mada ya soko katika darasa la watoto wa miaka minne. Mwalimu ameandika kwamba lengo ni watoto wajue kuhesabu hadi tano. Mkuu wa kawaida husaini. Mkuu aliyeelekezwa vizuri huuliza: watahesabu nini, na utajuaje nani ameweza? Mtoto anayeimba moja, mbili, tatu, nne, tano pamoja na wenzake thelathini hajaonyesha kitu, kwa sababu wimbo unaweza kumbeba asiyejua. Swali hilo moja hulibadilisha somo. Mwalimu anaamua kwamba watoto watagawanyika katika vikundi, kimoja kikiuza maharage na viazi vitamu kwenye kona ya soko, kingine kikichora, kingine kikijenga vibanda kwa vipande vya boksi, na yeye mwenyewe ataketi sokoni na kumwomba kila muuzaji ampe maharage matano, akitazama kama anahamisha moja moja au anakamata konzi. Mkuu anakuja, anakaa nyuma dakika ishirini, haandiki alama. Baadaye wanazungumza juu ya jambo moja tu: watoto waliokamata konzi ni wangapi, ni nani, na kesho watafanyiwa nini. Hayo yakiandikwa kwenye ile nafasi ya kujitathmini, andalio la Jumanne linatokana na lililotokea Jumatatu. Hiyo ndiyo maana halisi ya kupanga masomo, na hakuna sehemu yake inayohitaji vifaa vya bei.

Mkuu naye hujifunza hivyohivyo, kwa kufanya huku akitazamwa. Mwelekezi wake, awe afisa wa elimu wa sekta au mkufunzi, huketi naye darasani, kisha humsikiliza anavyozungumza na mwalimu, na halafu wao wawili hujadili mazungumzo yale: ulimwuliza au ulimhukumu? Ulitaja watoto au ulitaja safu za fomu? Rwanda haianzi sifuri hapa. Viwango vya taifa vya uongozi wa shule, vilivyoandaliwa kwa msaada wa shirika la VVOB la Ubelgiji, vinataja kuongoza ujifunzaji na kuongoza ufundishaji kuwa nguzo mbili kati ya tano. Chuo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda kimekuwa kikiwapa wakuu wa shule diploma ya uongozi, na walimu walezi wa shuleni cheti cha uelekezi. Lililobaki ni kulifikisha hilo kwa darasa la awali, ambalo katika shule kubwa mara nyingi hubaki la mwisho kufikiriwa.

Pingamizi la kwanza ni la muda. Mkuu ana ada za kufuatilia, uji wa saa nne, maji yaliyokatika, mzazi anayengoja mlangoni. Ni kweli, lakini muda huohuo tayari anautumia kupekua madaftari yasiyomwambia kitu. Akipunguza maandalio anayoyasaini kutoka ya kila siku hadi ya wiki, akaketi katika madarasa mawili kwa wiki, hesabu haizidi saa mbili. Pingamizi la pili, kwamba wakuu wengi si wataalamu wa watoto wadogo, nalo lina ukweli. Vyuo vya ualimu vya Rwanda vilipoanza mtaala mpya mwaka 2020 vilipata mchepuo wa elimu ya awali na madarasa ya chini ya msingi, na hivyo mwalimu kijana anaweza kujua mengi kuliko bosi wake. Basi na iwe hivyo. Anayeuliza swali la maharage hahitaji shahada ya saikolojia; anahitaji kujua kwamba jibu limo kwa watoto na si kwenye daftari, na kuwa tayari kumsikiliza aliye chini yake kwa cheo. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi.

Zito kuliko hayo ni suala la hakimu na mlezi. Mkuu ndiye anayetathmini utendaji wa mwalimu, na katika chekechea binafsi ndiye mwenye neno kuhusu mkataba wake. Mwalimu gani atamwambia mtu huyo kwamba somo lake limemshinda? Wapo wanaohitimisha kwamba kwa sababu hiyo mwelekezi asiwe mkuu kamwe, awe mwalimu mwenzake. Hoja hiyo ina nguvu, na katika shule yenye mwalimu mlezi mzuri, yeye ndiye aketi darasani mara nyingi zaidi. Lakini haimwondoi mkuu. Mwalimu mlezi akimwambia mwenzake aandike kwa uwazi kilichoshindikana, na mkuu akaja Ijumaa kumuuliza kwa nini somo halikukamilika, kazi ya wiki nzima imeharibika. Mkuu asipobadilika, hakuna mwingine atakayeruhusiwa kubadilika. Kinachowezekana ni kutenganisha nyakati: yanayozungumzwa baada ya kuketi darasani yasiingie kwenye fomu ya tathmini ya mwaka, na mwalimu ayajue hayo mapema, na ayaone yakiheshimiwa. Sheria ya namna hiyo inaweza kuandikwa na shule yoyote kwenye ukurasa mmoja.

Kisha kuna wazazi. Katika soko la chekechea za Kigali, mzazi wa Gacuriro hulinganisha shule kwa Kiingereza cha mtoto na wingi wa kurasa zilizoandikwa daftarini. Mzazi wa Batsinda anayejinyima ili alipe ada ndogo anataka hayohayo, pengine kwa haraka zaidi, kwa sababu anaona shule kama ngazi pekee. Tangu mwishoni mwa 2019 serikali ilipotangaza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hata madarasa ya chini ya msingi, hofu ya kuchelewa imeongezeka. Mkuu anayepanga kona ya soko kwa Kinyarwanda anaweza kupoteza wateja. Ghana ilikutana na jambo hili waziwazi. Katika jaribio lililofanyika Accra na viunga vyake mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, shule 240, za umma na binafsi, walimu wa chekechea waliofunzwa na kutembelewa darasani walifundisha vizuri zaidi na watoto wao walipata maendeleo. Lakini katika shule ambazo mikutano ya kuwaelimisha wazazi iliongezwa, faida kwa watoto ilipotea. Nchini Malawi, kwa upande mwingine, jaribio katika vituo vya jamii 199 lilionyesha kwamba mafunzo ya walezi yaliwafaidi watoto pale tu yalipoambatana na mafunzo ya wazazi. Matokeo hayo mawili hayapatani kwa urahisi, na sioni sababu ya kuyalazimisha. Yanatuonya tu kwamba kumwita mzazi mkutanoni kumwonyesha filamu fupi kuhusu michezo si sawa na kumfanya mshiriki. Rwanda ina Umugoroba w'Imiryango, baraza la jioni la kila mtaa ambako familia hukutana kujadili mambo yao. Mkuu anayekwenda huko na yale maharage, akamwonyesha mzazi mtoto wake akihesabu kwa kuhamisha moja moja, na kumweleza kwa nini hilo linatangulia namba mia za kukariri, ana nafasi nzuri kuliko anayetuma barua.

Wapo pia wapenzi wa michezo wanaodai kwamba kuwapangia watoto wa miaka minne masomo ni kuwanyang'anya utoto. Nawaelewa, lakini wanamkosoa adui asiye mwenyewe. Chumba ambacho hakijapangwa kwa kawaida hakizai mchezo huru. Huzaa kusubiri, kelele na mwalimu aliyechoka anayeishia kuwaimbisha abechede. Kona ya soko ilihitaji mtu kufikiri mapema maharage yatatoka wapi.

Gharama ndiyo hoja ya wizara. Uchambuzi wa Kraft, Blazar na Hogan wa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 60 za uelekezi wa walimu, ulionyesha faida kubwa kwa ufundishaji na ya wastani kwa wanafunzi, lakini ulionya kwamba programu zikitanuka faida hubaki sehemu tu ya ile ya majaribio madogo. Wenye uzoefu wanaijua sababu: waelekezi wazuri ni wachache, na wakiongezwa kwa mkupuo kazi hugeuka ukaguzi kwa jina jingine. Rwanda imeonyesha inaweza kufanya makubwa kwa kasi. Ilijenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 katika mwaka wa 2020 na kuendelea, na Agosti 2022 ikawapandishia walimu wa msingi mishahara kwa asilimia 88. Matofali na mishahara hufika kwa amri. Stadi ya kuzungumza na mwalimu haifiki hivyo. Kwa hiyo, kuanza kwa sekta moja kama Kinyinya, na wakuu wachache wa umma na binafsi wanaotembeleana wao kwa wao mara moja kwa mwezi chini ya afisa wa elimu wa sekta, si woga. Ni kuzingatia onyo la tafiti hizo 60.

Mpango huo una mahali unapokwama, napo ni kwenye vituo vya nyumbani. Mama anayelea watoto kumi sebuleni kwake Murama, humohumo Kinyinya, hana mkuu wala mratibu. Yeye ndiye mlezi, mpishi na mwenye nyumba. Hakuna saini ya kubadilisha hapo. Njia iliyo karibu zaidi na uzoefu wa madrasa za pwani ni kumfungamanisha na shule ya awali iliyo jirani, mkuu wake akamhesabu kama darasa moja la nje: atembelewe anapotembelewa mwalimu, akaribishwe kona ya soko inapopangwa, apewe nakala ya mwongozo wa wiki. Shule ya umma inaweza kuagizwa kufanya hivyo. Shule binafsi itataka kujua inapata nini, na jibu la swali hilo, liwe ni punguzo la tozo au alama katika tathmini yake ya mwaka, liko mikononi mwa mamlaka za Jiji la Kigali na Wilaya ya Gasabo.